Wese la bei chee linaua injini? Ngoja tulifungue hili

Mwezi uliopita binamu yangu anayeishi Leicester kule Uingereza alituma voisi kwenye grupu la familia. Anacheka, anasema siku hizi gari anajazia supamaketi, yaani anaingia kununua maziwa na mkate, akitoka anapitia pampu zilizopo palepale uwanjani, na bei iko chini kuliko sheli za majina makubwa. Hazikupita dakika mbili mjomba wetu wa Chumbageni, hapa Tanga, akajibu, na mjomba ana Noah na ana maoni kuhusu kila kitu duniani: "Mwanangu hiyo gari unaiua. Mafuta rahisi ni kama samaki wa jioni, muuzaji anajua mwenyewe kwanini kashusha bei."

Basi grupu likawaka. Shangazi akasema ni kweli kabisa, pikipiki ya mwanawe iligoma baada ya kuweka petroli ya kwenye chupa. Ndugu mmoja wa Muheza akasema yeye anaweka popote pale na gari lake lina miaka kumi halijafunguliwa injini. Mwingine akaleta habari za oktani ambazo hakuna aliyezielewa, na nadhani hata yeye mwenyewe. Mimi nilinyamaza, sababu mimi gari lilishawahi kunizimikia njia ya Pangani kwa ajili ya mafuta, na mafuta yenyewe wala hayakuwa ya bei chee. Nikasema hili linataka maelezo marefu kidogo, sio la kubishania kwa voisi za sekunde ishirini.

Kwanza tuweke maneno sawa, maana ubishi mwingi unatoka hapo. Watu wakisema "mafuta rahisi" wanakuwa na vitu vitatu tofauti kichwani. Cha kwanza ni mafuta ya bei chee, yaani mzigo uleule wa kila mtu ila muuzaji kaamua kuchukua faida ndogo. Cha pili ni mafuta yaliyochakachuliwa, hapo kuna mtu kakaa akaongezea kitu cha bei ndogo ndani yake ili apate zaidi. Cha tatu ni mafuta machafu, yenye maji au kutu au mchanga, na hapa mara nyingi hakuna aliyekusudia, ni uzembe tu wa tenki. Hicho cha pili na cha tatu vinaumiza injini kweli. Cha kwanza, peke yake, hakiumizi kitu. Na bei ya kwenye bango haikuambii uko kwenye kipi kati ya hivyo vitatu.

Sasa turudi kwa binamu. Kule Uingereza supamaketi kama Tesco, Asda na Sainsbury's zina sheli zao, na Ufaransa ni hivyohivyo, kina Leclerc na Carrefour wanauza mafuta mengi sana. Kwanini wanauza rahisi? Sababu wao petroli ni chambo. Wanataka uje na gari, ujaze, halafu uingie ndani ununue kuku na sabuni za kufulia, faida yao iko huko. Na wanauza lita nyingi mno kwa siku, kwahiyo hata faida ya senti kidogo kwa lita inawatosha. Mafuta yenyewe hawayatengenezi wao. Malori yao yanapakia kwenye maghala yaleyale yanakopakia malori ya kampuni kubwa, na yote lazima yafikie kiwango kimoja cha sheria, petroli inaitwa EN 228 na dizeli EN 590. Hakuna kiwango cha matajiri na kiwango cha supamaketi.

Ni kama unga wa sembe. Mashine moja inasaga mahindi, mmoja anapaki kwenye mfuko wenye picha nzuri na jina, mwingine anakupimia kwa kilo dukani kwa mangi. Ugali ni uleule.

Ila mjomba angekuwa hapa angeuliza, sasa kama ni vilevile hao wa majina makubwa wanatoza zaidi kwa kipi? Swali zuri, na jibu lake ni sabuni. Lori linapopakia pale ghalani kila kampuni inaongezea dawa yake kwenye mzigo wake, kiasi kidogo sana ukilinganisha na mzigo wenyewe, na dawa hiyo kazi yake kubwa ni kusafisha. Mafuta yakiungua yanaacha masizi, kama sufuria la kuni vile, masizi yanaganda kwenye ncha za injekta, vile vibomba vinavyopulizia mafuta, na kwenye vaivu za kuingizia hewa. Dawa inazuia yasigande. Kampuni za bei juu zinasema zenyewe zinaweka nyingi zaidi au kali zaidi.

Je inaleta tofauti? Inaleta, tusidanganyane. Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, mwaka 2016 walipima petroli zenye sabuni ya kutosha, zile zilizo kwenye mpango unaoitwa Top Tier, na zile zenye sabuni ya kiwango cha chini cha sheria tu. Baada ya mwendo wa maili 4,000 za maabara, hizi za pili ziliacha uchafu mara 19 zaidi kwa wastani. Ni tofauti kubwa. Lakini shika vitu viwili hapo. Kimoja, ule ni uchafu, sio injini kufa. Gari linapungua nguvu kidogo kidogo, linakula mafuta kidogo zaidi, likiwa baya sana linatetemeka likisimama, na ukihamia kwenye mafuta yenye sabuni nzuri sehemu kubwa ya uchafu inaondoka yenyewe. Kingine, na hiki ndicho kinachomaliza hoja ya mjomba, miongoni mwa waliomo kwenye huo mpango wa Top Tier ni Costco, ambalo ni duka kubwa la jumla linalouza mafuta rahisi kuliko majirani zake. Kwahiyo bei ya chini na sabuni nzuri vinaweza kukaa kwenye pampu moja bila ugomvi.

Halafu kuna jambo ambalo wenye zile injini za Toyota zinazoitwa D4 mlisikie vizuri. Kwenye injini nyingi za kawaida, kama 1NZ ya kwenye IST, petroli inapuliziwa nyuma ya vaivu, kwahiyo kila inapopita inaiosha. Kwenye D4 ya petroli, kama ile 1AZ ya Noah AZR60, petroli inapuliziwa moja kwa moja ndani ya silinda, vaivu haioni tone. Hata uweke mafuta yenye sabuni ya kifalme, vaivu ile haioshwi, ni sawa na kusugua sufuria kwa ndani wakati masizi yako nje. Noah ya mjomba ni D4. Sijamwambia bado.

Na oktani je? Hii nayo watu wanaiona kama kipimo cha nguvu, kwamba 95 ina nguvu kuliko 91. Sivyo. Oktani inapima uvumilivu. Ndani ya silinda mchanganyiko wa petroli na hewa unabanwa sana, na ukibanwa unapata joto, na petroli isiyo na uvumilivu inalipuka yenyewe kabla plagi haijaagiza au kwa namna isiyotakiwa. Fikiria mtoto kwenye bembea, unamsukuma anapoanza kuondoka. Sasa wewe msukume wakati bado anakujia, nguvu yote inagongana mikononi mwako. Ndiyo ile sauti ya ko-ko-ko unayoisikia ukipanda mlima na gia kubwa, mafundi wanasema injini inagonga, na huko kugonga ndiko kunakotoboa pistoni. Magari mengi tunayoendesha hapa yamekuja yametumika Japani, na petroli ya kawaida ya Japani kwa kiwango cha kwao inaanzia oktani 89. Kwahiyo IST, Vitz, Raum, Passo, hizi zilizaliwa zikila chakula cha kawaida. Kuzilipia oktani ya juu ni kumnunulia mtoto viatu vya saizi ya baba yake, havimfanyi akimbie zaidi.

Haya, sasa tushuke nyumbani. Hapa Tanga hatuna supamaketi zinazouza petroli. Tuna sheli za majina makubwa, tuna sheli za watu binafsi zenye majina ambayo ukitoka nje ya mkoa hayajulikani, na tuna wale wa chupa barabarani. Na mjomba imani yake ni kwamba jina likiwa kubwa mafuta ni mazuri, jina likiwa dogo umeibiwa.

Ukweli ni kwamba Tanzania hatuna kiwanda cha kusafisha mafuta ghafi kinachofanya kazi, kile cha TIPER Kigamboni siku hizi ni matenki ya kuhifadhia tu. Kila lita inakuja na meli ikiwa tayari ni petroli au dizeli. Na meli haiagizwi na kila kampuni kivyake, kuna mfumo wa kuagiza kwa pamoja unaosimamiwa na wakala wa serikali, PBPA, kampuni zinajumlisha mahitaji, meli inakuja, inashusha, kila mmoja anachukua fungu lake. Tanga bandari yetu inapokea mafuta na kuilisha mikoa ya kaskazini, sisi wenyewe na Kilimanjaro, Arusha, Manyara. Kwahiyo lile lori la kampuni kubwa na lile la mfanyabiashara wa hapa Ngamiani ukiyaona yanatoka kupakia, uwezekano ni mkubwa sana kwamba wamebeba mzigo wa meli moja.

(Na kabla mtu hajauliza, lile bomba la kutoka Hoima Uganda mpaka Chongoleani, kilomita 1,443, halihusiani kabisa na hii habari. Kazi yake ni kubeba mafuta ghafi, mazito mpaka inabidi bomba lipashwe moto yasigande, na yanaenda kupakiwa melini yauzwe nje. Wale mnaosubiri kujaza IST Chongoleani mtasubiri sana.)

Sasa bei inatofautiana vipi? EWURA, wasimamizi wa serikali kwenye mambo ya mafuta, wanatangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na Tanga ina bei yake tofauti na Dar na Mtwara kwa sababu meli ni tofauti na gharama ni tofauti. Bei kikomo maana yake ni dari, hakuna kuuza juu yake. Chini yake ruksa, mwenye sheli akitaka kushindana anashusha. Na anaweza kushusha sababu malori ni yake mwenyewe, au kiwanja ni cha kwake hapangi, au halipii jina la mtu, au ameona bora auze lita nyingi kwa faida ya shilingi chache. Ukitaka kujua dari ya mwezi iko wapi unapiga *152*00# unafuata maelekezo. Ukiona sheli imeshuka shilingi kumi au ishirini chini ya dari, huo ni ushindani tu. Lakini mtu akikuuzia kwa mia nane chini ya dari nyuma ya nyumba, hapo hata mimi naungana na mjomba, hayo mafuta yametoka mahali ambapo hakulipia.

Na hapa ndipo linaingia neno letu pendwa, kuchakachua. Vijana wengi mnalijua kwenye kura, mwaka 2010 lilisambaa hasa kwenye uchaguzi, lakini kwenye mafuta lilishakuwa na makazi yake. Biashara ilikuwa hivi: mafuta ya taa yalikuwa na ushuru mdogo sana, shilingi 52 kwa lita, kwa nia njema tu kwamba ndiyo mwanga na jiko la mtu wa kawaida. Petroli na dizeli ushuru wao ulikuwa juu. Basi mtu akiwa na tenki la dizeli akaongezea mafuta ya taa, kila lita aliyoongeza ni faida mkononi. Bajeti ya 2011/12 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka hizo 52 mpaka 400.30, faida ya kuchanganya ikakatika. Waliobaki wanalia ni wenye koroboi na majiko ya mchina, ambao hawakuwa na gari wala sheli, lakini hiyo ni mada nyingine na ina uchungu wake.

Kingine kilichoanza 2010 ni vinasaba. Wengi wanadhani kinasaba ni dawa ya kuongeza ubora, hapana, ni alama. Mafuta ya soko la ndani yaliyolipiwa kodi yanatiwa kemikali kidogo sana kwa kipimo maalum, yale yanayopita kwenda nchi jirani hayatiwi. Mkaguzi akija sheli anachukua sampuli, akikuta kipimo kimepungua anajua kuna kitu kimeongezwa humu ambacho hakikupita mlangoni. Ni kama supu ya pweza ukiongeza maji, chumvi inakusema.

Kwanini mafuta ya taa yanaumiza? Kwenye petroli, oktani yake iko chini mno, kwahiyo injini inagonga. Hayageuki mvuke vizuri, asubuhi gari linasumbua kuwaka, plagi zinakuwa nyeusi, na yale ambayo hayakuungua yanashuka pembeni ya pistoni yanaosha oili iliyokuwa inalainisha, yanaenda kuichanganyikia oili yenyewe chini. Huo ni uharibifu wa kweli, wa kufungua injini. Kwenye dizeli ni hatari kimyakimya, gari linawaka na kutembea freshi, lakini mafuta ya taa ni mepesi, hayana utelezi wa kutosha, na pampu ya dizeli na injekta zinalainishwa na dizeli yenyewe. Hilux za D4D na wenzake zinasukuma dizeli kwa presha ya zaidi ya mara elfu moja ya hewa ya kawaida, vyuma vimekaribiana kuliko unene wa unywele. Ukiondoa utelezi hapo vinasagana. Bei ya seti ya injekta tusiitaje, kuna watu wana presha.

Lakini kwa mwenye gari wa kawaida wa Tanga, mimi naamini adui wa kila siku ni maji. Na nina ushahidi wa mwili wangu.

Ilikuwa masika, usiku mvua ilipiga mpaka asubuhi. Nikajaza IST yangu kwenye sheli moja ya jina kubwa, taa zote zinawaka, wahudumu wana sare, nikashika njia ya Pangani. Sijafika hata Tongoni kwenye yale magofu gari likaanza kumisi, linashtuka kama mtu mwenye kwikwi, taa ya injini ikawaka, likazima. Likawaka tena, likazima kabisa. Nikarudishwa mjini kwa kamba nyuma ya Canter ya nazi.

Fundi wangu hakufungua injini wala hakuleta kompyuta. Alichomoa mpira wa mafuta unaoingia kwenye injekta, akaomba chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu, akauingiza mpira ndani, akaiwasha pampu peke yake bila kupiga stata. Pampu ikalia zzz, chupa ikajaa nusu. Akaisimamisha juu ya tairi akawasha sigara, halafu akakumbuka anachofanya akaizima haraka haraka akaenda kuitupa mbali. Baada ya dakika chache mle kwenye chupa ukajitokeza mstari. Juu petroli, rangi ya manjano hafifu kama chai ya tangawizi iliyopoa, chini maji meupe kiasi cha vidole vitatu, na chini kabisa chembe za kutu zimetulia. Akainamisha chupa pole pole, mstari ukalala nao. "Kaka," akasema, "hapa umeuziwa kisima."

Maji ni mazito kuliko petroli kwahiyo yanakaa chini, na pampu ya gari inanyonya kutokea chini, ndiyo maana hata maji kidogo yanatosha kukusimamisha. Fundi alikamua tenki, akabadilisha filta, akakausha plagi, petroli safi ya juu akabaki nayo ya kuoshea spea. Siku nzima na elfu themanini zikaenda.

Maji yanaingiaje kwenye tenki la sheli? Tenki liko ardhini. Mfuniko wake ukiwa haubani, mvua inaingia. Tenki likiwa na kutu na tundu, maji ya ardhini yanaingia, na sisi huku pwani maji ya ardhini hayako mbali. Halafu kuna jasho: tenki lililojaa nusu lina hewa juu, hewa ya Tanga mnaijua ilivyo na unyevu, unyevu huo unagandamana kwenye kuta zilizopoa unashuka matone. Sheli inayojielewa inapima kila siku, wanachovya fimbo ndefu iliyopakwa dawa fulani inayobadilika rangi ikigusa maji, wakikuta yamezidi wanayakamua. Bomba la kunyonyea la sheli limewekwa juu kidogo ya sakafu ya tenki ili maji machache yasifike kwako. Shida inaanza maji yakipanda mpaka pale, au lori likiwa linashusha mzigo mpya na kuvuruga kila kilichokuwa kimetulia. Kwahiyo ile imani ya wazee kwamba usijaze wakati lori linashusha, hiyo wala sio ushirikina, subiri au nenda mbele.

Na angalia, kinasaba hakikusaidii hapa. Petroli ile iliyonizimia njia ya Pangani ingeweza kupimwa ikawa na alama yake kamili, imelipiwa kodi mpaka senti ya mwisho, na chini yake kuna kisima.

Sasa ndiyo nirudi kwenye samaki wa mjomba, maana mfano wake kwa kweli ni mzuri, ila aliusoma kinyume. Ukienda Deep Sea kununua samaki huangalii bei kwanza. Unaangalia wapi watu wamejazana. Pale penye watu samaki hakai, anashuka kwenye ngalawa anaingia kwenye kikapu, na kwa sababu anauza wengi muuzaji anaweza kukupunguzia. Yule aliyekaa peke yake na bei yake ya juu, samaki wake anakukodolea macho mekundu toka asubuhi. Mafuta ni hivyohivyo. Sheli inayojaza bodaboda na daladala foleni mpaka barabarani, tenki lake linaisha na kujazwa tena na tena, mafuta hayapati muda wa kukaa, hewa ya kutoa jasho ni kidogo, maji hayajikusanyi kimyakimya. Ile ya kona iliyopoa, inayouza lita chache kwa siku, hata iwe na jina la dunia nzima, mafuta yake yamelala. Ndiyo siri ileile ya supamaketi za binamu, wanauza rahisi sababu wanauza mengi, na wanaouza mengi wana mafuta mabichi. Mimi siku hizi najaza palipo na foleni ya bodaboda. Wale wanaishi kwa pikipiki, sheli ikiwachezea kesho hawapo.

Za chupa sitasema sana. Petroli ya chupa imetoka sheli ikapita kwenye kidumu, faneli, kitambaa, chupa ya juisi, halafu ikakaa juani kwenye meza ya mbao, ile sehemu nyepesi inayosaidia kuwasha injini imeshapaa, na hujui kidumu kilibeba nini jana. Kijijini ambako hakuna sheli unaweka, utafanyaje, ila weka ya kukufikisha, na iangalie kwanza kwenye mwanga kama kuna mstari. Ukitaka kuipima dondosha tone kwenye karatasi nyeupe, petroli safi inapaa ndani ya dakika chache na kuacha alama hafifu au isiache kabisa, ikibaki alama ya mafuta kama ya sambusa ujue kuna mgeni ndani. Sio kipimo cha maabara lakini ni bora kuliko kunusa.

Wenye dizeli, chini ya filta zenu nyingi kuna kikombe cha kukusanyia maji chenye kijibonyezo au skrubu ya kukamulia. Nimeuliza wenye Hilux watatu, wawili hawakujua kipo. Kamueni. Dizeli ikikaa na maji inaota hata vijidudu, unakuta utelezi mweusi kama wa kwenye karo, unaziba filta. Na hili la salfa mnalosikia kwamba Afrika tunaletewa dizeli chafu, kwa sisi Afrika Mashariki mwaka 2015 kiwango kilishushwa mpaka sehemu 50 za salfa kwa milioni, kutoka 500. Ulaya wako 10. Sisi hatuko tena kule tulikokuwa.

Kujaza asubuhi sababu petroli imepoa unapata nyingi? Tenki liko ardhini, joto lake asubuhi na mchana karibu ni lilelile, lala tu. Kutembea na taa ya mafuta imewaka kwamba unanyonya uchafu wa chini? Pampu inanyonya chini hata tenki likiwa limejaa, kinachoumia zaidi ni pampu yenyewe, inapozwa na petroli iliyoizunguka, ukiiacha kavu kila siku inapata joto inakufa mapema. Na mafuta ya sheli fulani "yanaenda mbali"? Lita ya petroli nguvu yake inakaribiana popote pale, kama moja inaenda mbali sana kuliko nyingine mimi kabla ya kusifu mafuta ningeuliza kama pampu ya ile nyingine inatoa lita kamili, angalia lakiri ya Wakala wa Vipimo.

Kilichobaki ni risiti. Siku ile baada ya fundi kunionyesha chupa nilirudi sheli nayo mkononi, nina hasira za kutosha. Msimamizi alinisikiliza kwa heshima zote, akaniita kaka, akaniletea kiti, halafu akauliza risiti iko wapi. Sikuwa nayo. Nilikuwa nimemwambia mhudumu "achana nayo". Akasema basi kaka, tutajuaje kama ni ya kwetu, na kwa kweli sikuwa na jibu, ningekwenda EWURA ningeulizwa hilohilo. Pampu zinatoa risiti za kielektroniki zenye tarehe, saa, lita na sheli. Chukua, na ipige picha hapohapo kabla hujawasha gari, maana hizo karatasi ukiziacha juu ya dashibodi na jua hili la kwetu, ndani ya wiki mbili zinabaki nyeupe tupu.